Jibu kwa mgonga kokoto wa Masasi: ule mstari mweusi ndani ya jiwe ni tetemeko kweli, na linapimwaje umri?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Masasi, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mjomba. Mimi nagonga kokoto huku, juzi tumepasua jiwe kubwa tukakuta ndani kuna mstari mweusi tii kama lami, mwembamba, umekatisha jiwe lote. Jamaa yangu yuko chuo anasema hiyo ni alama ya tetemeko la zamani na wazungu wakiipima wanajua lilitokea mwaka gani. Mwingine anasema ni madini tutafute mteja. Nani mkweli hapo?"

Marahaba mjomba. Swali lako nimelisoma nikiwa stendi ya Mnazi Mmoja nasubiri gari, nikasema hili silijibu kwa mistari miwili, ngoja nifike nyumbani.

Wa madini msahau kabisa, hamna mteja hapo. Huyo wa chuo yuko jirani na ukweli ila kachanganya mambo. Ni kweli kuna mistari myeusi kwenye miamba ambayo ni tetemeko lenyewe limegandia humo, na ni kweli umri wake unapimika. Ila "mwaka gani" hapana. Jiwe halikuandika tarehe ya tetemeko. Kilichomo ni saa, na hiyo saa inakwambia lini ilianza kuhesabu upya. Kazi yote ya hawa watu wa kupima miaka, nasema yote, ni kujua ni tukio gani liliirudisha hiyo saa kwenye sifuri. Ukikosea hapo namba inatoka nzuri tu, ina desimali na kila kitu, lakini haimaanishi chochote.

Kwanza huo weusi. Ukiangalia vile vilima vya Masasi, hata ule wa Mtandi, utaona michirizi myeusi inashuka kwenye mawe toka juu mpaka chini, watu wengi wanapiga picha wanasema ni moto wa zamani au ni tetemeko. Ile ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, vinaota pale maji ya mvua yanapopita. Iondoe kwenye hesabu. Wa kwako uko ndani ya jiwe, hilo tayari ni jambo lingine, ila bado kuna vitu kama vinne vinaweza kufanana nao. Ukikwaruza na kisu ukaona magamba yanabanduka yanametameta, huo ni ulanga mweusi umejipanga kwenye mstari, wa kawaida sana kwenye mawe ya huko. Ukiona sindano sindano ni aina nyingine ya madini, haina uhusiano na tetemeko. Ukiona mstari una kuta mbili zilizonyooka sambamba na unaendelea mbali, upana sentimita kumi, ishirini, mita, hiyo ni volkeno ilipenyeza uji wake toka chini, na huo uji haukuyeyukia pale, ulisafiri. Na ukiona weusi una mapunje yamevutwa marefu marefu kama unga wa ngano uliosukumwa, basi jiwe lilijivuta polepole likiwa na joto, hakukuwa na tetemeko.

Tunaoutafuta sisi unaitwa sudotakilaiti. Jina gumu, najua. Lilitolewa mwaka 1916 na mtu anaitwa Shand aliyekuwa anachunguza mawe ya Parys kule Afrika Kusini, akaona kitu cheusi kinafanana na kioo cha volkeno kinachoitwa takilaiti lakini sicho, akakiita takilaiti ya uongo. Na cha kuchekesha ni kwamba mawe yale ya Parys yako Vredefort, mahali palipopigwa na kimondo kikubwa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, yaani kitu kilichotoa jina hata hakikuwa cha tetemeko la kawaida! Baadaye mwaka 1975 mwanajiolojia Sibson akaandika vizuri kuhusu mawe ya namna hiyo kule visiwa vya Outer Hebrides, Scotland, akaonyesha jinsi ufa wa tetemeko unavyoweza kuyeyusha mwamba.

Unayeyushaje? Wewe ushawahi kuvuta maji kisimani kwa kamba. Ukiishusha ndoo polepole hamna shida, ila ikikuponyoka ikiwa imejaa, kamba ikapita mkononi kwa kasi, viganja vinababuka hapo hapo. Kamba ile ile, mkono ule ule, kilichobadilika ni mwendo. Sasa huko chini kilomita kadhaa mpaka kumi na kitu, pande mbili za ufa zimebanwa na uzito wa mawe yote ya juu, halafu tetemeko linatokea zinateleza kwa kama mita moja kwa sekunde. Joto linapita nyuzi 1,000 za Selsiasi ndani ya sekunde chache na mwamba unayeyuka, lakini pale pale kwenye mguso tu, unene wa milimita au sentimita chache. Kwa jinsi palivyobanwa, huo uji unatafuta pa kutokea, unajichoma kwenye nyufa za pembeni. Mtelezo ukisimama unaganda: kimstari cha milimita 5 kinachukua kama nusu dakika hivi kupoa. Fikiria, tukio zima la jiwe kugeuka uji na kurudi kuwa jiwe limeisha kabla hujamaliza kuvaa viatu.

Kwa hiyo ukipata jiwe lako chukua lenzi, hata ile ya simu ukiisogeza karibu inatosha, uangalie haya. Mstari mkuu una vitawi vinatoka pembeni kama mizizi, vingine vimekaa karibu pembe mraba na mstari, vinaisha kwa ncha hewani havifiki popote? Kingo zake ni nyeusi zaidi na laini kuliko katikati? Ndani ya weusi kuna vipunje vyeupe vya kwatzi na feldispa vya mviringo vinaelea kama maharage kwenye mchuzi, wakati ulanga mweusi humo ndani huuoni kabisa? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda mimi, kwa sababu ulanga unayeyuka mapema na kwatzi inagoma, kwa hiyo mabaki yanakuwa ya vile vigumu. Ukiona yote matatu, mjomba, hapo tunaweza kuanza kuongea.

Haya, sasa saa. Kwenye feldispa na ulanga kuna potasiamu, na sehemu ndogo mno ya hiyo potasiamu ni ile namba 40 ambayo inaoza. Inakwenda taratibu sana, nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 1.25, na katika kila mia zinazooza kama 11 ndizo zinakuwa agoni, zilizobaki zinakuwa kalsiamu. Agoni ni gesi, haishikani na kitu, imenaswa tu ndani ya punje za jiwe kama mvuke ndani ya sufuria yenye mfuniko. Jiwe likiyeyuka mfuniko umefunguka, gesi inatoka, likiganda tena linaanza kukusanya upya toka sifuri. Ukipima agoni iliyomo na potasiamu iliyomo unapata ni muda gani umepita tangu mfuniko ufungwe. Maabara siku hizi wanakipeleka kipande kwenye kinu cha nyuklia kwanza, kinapigwa nyutroni, sehemu ya potasiamu ya kawaida inageuka kuwa agoni namba 39, halafu wanapasha joto kwa leza kidogo kidogo, hatua kwa hatua, wanapima agoni zote mbili kwa pamoja. Uzuri wa hizo hatua ni kwamba unaona kama jiwe zima linasema namba moja au kila sehemu ina habari yake.

Na mara nyingi kila sehemu ina habari yake. Hapa ndipo penye shughuli.

Wewe wa huko unajua mambo ya ghala. Korosho zikifika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinaingia gunia, stakabadhi inaandikwa na tarehe. Sasa chukua gunia moja mchanganye, korosho za msimu wa juzi debe moja na za msimu huu madebe kadhaa, chana stakabadhi, halafu mwambie mtu akadirie zilivunwa lini kwa kuangalia ukavu wa gunia zima. Atakupa tarehe ya katikati, na tarehe hiyo hakuna mkulima hata mmoja aliyeingia shambani. Sudotakilaiti iko hivyo hivyo. Wale maharage weupe kwenye mchuzi hawakuyeyuka, joto lilikuwa la sekunde tu, kwa hiyo agoni yao ya zamani bado wanayo, nyingine imetoka nusu nyingine imebaki. Ukisaga vyote pamoja unapata umri wa katikati.

Mimi yalinikuta nikiwa mwanafunzi. Nilipewa kipande kizuri sana, nikakisaga chote kwa sababu nilikuwa na haraka na chombo cha kutobolea ule weusi peke yake kilikuwa na foleni ya wiki mbili, nikapeleka unga. Umri ukarudi mkubwa kuliko umri wa mwamba ambao ule mstari umeukata! Yaani kisu kimekata mkate kabla mkate haujaokwa. Nilikuwa nimesaga humo vipunje vya zamani, na juu yake kulikuwa na agoni ya ziada iliyokuwa inazurura huko chini ikanaswa kwenye uji ulipoganda. Msimamizi wangu hakusema kitu, alinipa kile kilichobaki, kama ukucha hivi, akaniambia nikakae kwenye foleni. Toka siku hiyo mtu akiniletea umri wa mstari wa namna hii naanza kumuuliza ametoboaje, namba naiangalia baadaye.

Ndiyo maana unaona mifano mizuri duniani ni michache na inarudiwa rudiwa. Mmoja ni wa milima ya Alps, Italia ya kaskazini, ufa unaitwa Gole Larghe kwenye miamba ya Adamello. Kuna nyufa nyingi sambamba ndani ya ukanda wa upana wa mamia ya mita, zimejaa hiyo mistari myeusi, zilivunjika zikiwa chini kilomita 9 mpaka 11 na leo ziko juu kabisa kwa sababu milima imeinuka na kumomonyoka, barafu imesugua miamba mpaka inang'aa unatembea juu yake kama sakafu. Umri wake ni kama miaka milioni 30. Na siri ya kwa nini pale panaaminika ni rahisi: mwamba wenyewe uliokatwa ulikuwa mchanga, ulikuwa umeganda miaka milioni chache tu kabla ya matetemeko. Kwa hiyo hata ukiingiza vipunje vya mwamba mama kwenye kipimo, vina umri karibu ule ule, haviharibu. Umechanganya korosho za Oktoba na za Novemba, hakuna atakayelalamika.

Masasi sasa. Mawe yenu ni naisi na itale, mizizi ya safu ya milima iliyokuwepo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana toka Arabia huko mpaka Msumbiji. Milima ikaliwa yote, hivyo vilima mnavyoviona ni vipande vigumu vilivyogoma kuliwa. Kuna kitu kinanifurahisha hapo, mtu anapanda ndege kwenda kuangalia Alps wakati mgonga kokoto wa Masasi anapiga nyundo kwenye tumbo la mlima ulioisha. Ila kwa hesabu ya agoni huo uzee ni balaa. Tuseme mwamba mama una miaka milioni 550 na mstari wako ni wa tetemeko la miaka milioni 150. Nachagua 150 makusudi, ndio enzi za Jurasiki, Madagaska ilikuwa inajitenga na sisi na pwani yetu ilikuwa inapasuka, na ndio umri wa wale mijusi wakubwa wa Tendaguru hapo Lindi ambao Wajerumani waliwachimba 1909 mpaka 1913 wakawapeleka Berlin. Ukipima ukiwa umechanganya asilimia 10 tu ya vipunje vya zamani, na tuseme potasiamu yao ni sawa, umri unatoka karibu milioni 194. Asilimia kumi! Umekosea miaka milioni 44 na mashine haina tatizo lolote.

Kwa hiyo watu wamejifunza kutotegemea saa moja. Kwenye nyufa ambazo hazikuyeyuka, na hizo ndizo nyingi mno, kule chini maji na udongo vinafanya ufa uteleze bila kuchemka kiasi hicho, unakuta unga laini kama wa mhogo, humo ndani kunaota udongo mpya unaitwa ilaiti wenye potasiamu. Unga huo nao umechanganyika, kuna ulanga wa zamani uliosagwa na ilaiti mpya iliyoota wakati ufa unafanya kazi. Ujanja wao ni kwamba hawajaribu kuvitenganisha kabisa, haiwezekani. Wanaugawa unga kwa ukubwa wa punje, kila fungu wanapima lina asilimia ngapi ya zamani na lina umri gani, wanachora mstari kwenye karatasi na kuuendeleza mpaka pale ambapo cha zamani ni sifuri. Hapo unasoma umri wa ufa. Kwangu mimi hii ni moja ya akili nzuri kabisa kwenye kazi hii, kuliko hata mashine za bei mbaya. Lakini angalia, unachopata ni kipindi ambacho ufa ulikuwa hai, hupati tetemeko moja.

Kuna tena kalisaiti, yale mawe meupe yanayojaza nyufa maji yakipita, unapima uraniamu na risasi humo kwa leza, inakupa lini ufa ulizibwa, maana yake ulikuwa umeshapasuka. Na kuna zikoni, punje ndogo ngumu ambazo uraniamu yake ikipasuka inaacha mikwaruzo ndani, joto likipanda mikwaruzo inafutika. Kwenye ufa wa Nojima, Japani, ule uliotikisa Kobe Januari 1995, walipata sudotakilaiti, mikwaruzo ya zikoni ikawapa kama miaka milioni 56. Ufa ule ule uliobomoa mji 1995 ulishayeyusha jiwe milioni 56 nyuma. Hiyo namba mimi inanikalisha kimya kila nikiikumbuka.

Lakini ujue hizo namba zinakuja na kuongeza na kupunguza, milioni moja huku, milioni nne kule. Kwa hiyo ukiambiwa "milioni 30" humo ndani ya makosa ya kipimo yanaingia matetemeko maelfu kwa maelfu. Ukitaka mwaka, au hata karne, huendi kwenye miamba ya kina kirefu, unaenda kwenye mtaro. Unachimba ufa ulioko juu ya ardhi, unatafuta tabaka lililokatwa na tabaka lililolala juu yake bila kukatwa, mkaa uliomo unapima kaboni, hiyo inafika kama miaka 50,000 nyuma. Au kwenye kuta za mawe ya chokaa kama Ugiriki unapima klorini namba 36 inayotengenezwa na miale ya anga tangu ukuta ulipochomoza, ufa wa karibu na Sparta wameufanyia hivyo, kule ambako maandishi ya zamani yanataja tetemeko la mwaka 464 kabla ya Kristo. Sisi maandishi yetu ni mafupi. Tetemeko la Rukwa la 13 Desemba 1910, ukubwa kama 7.4, ni kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa na mashine nchini, na mashine zenyewe hazikuwa na muda mrefu tangu zianze. Lile la baharini la 12 Agosti 2020 unalikumbuka mwenyewe, Dar watu walitoka nje ya nyumba usiku.

Haya, cha kufanya. Usikisage na usikioshe kwa asidi ya betri kama wanavyofanya wale wa vito. Tafuta kipande ambacho mstari bado umeshikana na jiwe la pande zote mbili, ukubwa wa ngumi mbili, kwa sababu mstari peke yake bila mwamba mama hauna kesi, hatuwezi kujua nani kamkata nani. Kama jiwe bado lipo pale machimboni, kabla hujaling'oa andika upande wa juu ni upi na mstari unaelekea wapi, simu yako ina dira. Hilo kubwa mlilokwisha lipasua likabiringika limeshapoteza hiyo habari, basi, linafaa kwa umri tu. Piga picha tatu, ya mbali, ya karibu, na ya vitawi, weka sarafu ya mia mbili pembeni tuone ukubwa. Ofisi ya madini ya mkoa wanaweza kukuelekeza, na GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, au watu wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana uwezo wa kukata kipande chembamba cha kuangalia kwenye hadubini, hiyo ndiyo hatua ya kwanza na bei yake sio ya kutisha. Kupima agoni ni habari nyingine, kunahitaji kinu cha nyuklia na kwa kawaida sampuli inapanda ndege, hakuna anayelipia mpaka hadubini imesema ndiyo.

Mwambie na huyo wa chuo akija likizo aje na lenzi ya mara kumi. Kama mkikuta ndani ya weusi kuna ulanga mzima, haujayeyuka, umekaa tu unametameta, basi tetemeko hakuna, pondeni kokoto muuze.